Milango Mirefu ya Tarmo

Siku yenyewe ilianza vizuri tu. Angchok aliamka, akatia kinyesi kikavu cha ng'ombe kwenye jiko la chuma, akachungulia dirishani na kuona theluji imepumzika. Binti yake Nilza, wa miaka sita, alikuwa amelala kando ya jiko chini ya mablanketi mawili, ana mafua na homa kidogo. Mkewe alikuwa mjini Leh tangu mwezi uliopita, akimuuguza baba yake. Mama yake, Yangskit, alikuwa akisukasuka chai ya siagi na chumvi na kunung'unika peke yake, jambo alilolifanya kila uchao kwa hiyo hakuna aliyemjali.

Msiba ulikuwapo hapo jirani, ila haukuwa msiba wa kushtua mtu. Bibi Lhazom alikuwa amefariki siku mbili nyuma, usingizini, akiwa na miaka themanini na ushei. Lama, yaani mtawa mwalimu anayepiga hesabu za nyota, alisema achomwe siku ya tano. Mpaka hapo angekaa chumbani mwake vile vile tunavyowakalisha wafu wetu: amefungwa kwa kamba magoti kifuani, amezungushiwa kitambaa cheupe, taa ya siagi mbele yake. Na asiachwe peke yake hata kidogo.

Hapa kijijini kwetu Tarmo ndugu wa damu hamgusi maiti wake. Kazi hiyo ni ya wazikani, yaani zile nyumba chache zinazomwabudu mungu mmoja wa ukoo. Hao ndio wanaoosha, ndio wanaofunga kamba, ndio wanaokesha na kushinda na marehemu. Bibi Lhazom hakuwa na mtoto. Wazikani wake wa karibu walikuwa Angchok na jamaa mmoja mpole, Norphel, ambaye anaogopa hata kuku.

Sasa lazima niseme habari ya milango, maana bila hiyo hakuna kisa.

Kwa miaka kumi na mitano Angchok alikuwa dereva wa kuzungusha wageni. Leh siku mbili, monasteri ya Thikse asubuhi na mapema, Hemis, kisha Alchi, kisha Lamayuru, halafu ukiwa na nguvu unapanda hadi kwetu Tarmo kuiona monasteri iliyong'ang'ania mwamba. Alipochoka na usukani akaifanya nyumba ya baba yake kuwa ya kulaza wageni. Vyumba vilikuwa safi, chakula kizuri, mandhari ndiyo hayo tena. Tatizo lilikuwa milango. Milango ya zamani inakufika kifuani, na wageni ni warefu na hawatazami waendako. Kila siku alikuwa akisikia kishindo na tusi la lugha asiyoijua.

Basi majira ya joto mawili yaliyopita akachukua msumeno, akaziondoa boriti za juu ya milango na kuzipandisha. Mama yake alisimama uani akampa maneno yake.

"Mlango huu ameuinamia babu yako, akauinamia baba yako. Wewe kichwa chako kimezidi nini?"

"Si changu, mama. Ni vya wageni. Yule wa juzi katoka damu."

"Si ainame! Kasafiri dunia nzima kuja kuona miungu, halafu kuinama kunamshinda?"

"Mama, mambo ya maiti kusimama ni ya enzi zile."

"Funga mdomo!" Yangskit aliziba masikio. "Nani kataja maiti hapa?"

Hakuna mtoto wa Tarmo asiyejua sababu ya milango mifupi. Akiachwa peke yake kabla ya kuchomwa, mfu huweza kusimama. Hasemi. Hageuki ovyo, huenda moja kwa moja. Na hawezi kuinama, ndiyo maana boriti iko kifuani. Atakayewekewa kiganja chake utosini, basi naye amekwisha. Hayo tunayajua sote, na sote hujifanya hatuyaamini mbele ya wageni.

Bibi Lhazom yeye aliona raha tupu. Mgongo wake ulikuwa umepinda hadi akawa anatembea akitazama vidole vya miguu yake.

"Nipandishie na mimi, mwanangu," alimwambia Angchok akicheka kwa fizi. "Nami nipite kama malkia. Ingawa kwa mgongo huu, hata tundu la paka linanitosha!"

Angchok akampandishia kweli, kwa mbao zilizobaki, maana mwezi wa saba nyumba yake ikijaa alikuwa akiwalaza wageni wawili watatu kwa bibi. Tulicheka. Kila asubuhi Nilza alikuwa akivuka shamba la shayiri kwenda kumwamkia. Alikuwa akisema "jule, bibi," anainamisha kichwa, na bibi anamwekea mkono utosini na kumbariki. Ndivyo watoto wetu wanavyofunzwa, na Nilza alikuwa na adabu zake.

Turudi kwenye siku ile. Mchana Angchok na Norphel walikuwa kwa marehemu. Mtawa aliyekuwa anamsomea bibi sala alikuwa amepanda monasteri kula, na hakurudi. Huko juu walikuwa wanafanya mazoezi ya ngoma ya vinyago, sikukuu ikiwa imebaki siku mbili, na unajua vijana wakishika ngoma.

"Kaka, ngoja nikamwite," alisema Norphel. "Wamejisahau hawa. Lakini usimwache, eh?"

"Mimi mtoto?"

"Nakuuliza tu."

Norphel akaenda. Haikupita muda simu ikalia. Alikuwa dereva kutoka Leh, analeta wageni wanne wa sikukuu, siku moja kabla ya walivyoagana kwa kuhofia njia kufungwa. Gurudumu lilikuwa limeingia mtaroni pale darajani. "Kaka Angchok, tuokoe, njoo na koleo. Hawa watu wanaganda."

Angchok alimtazama bibi. Kitambaa cheupe, kamba, taa. Akaona aibu kumwacha, akaona pia wageni wake wakigandia mtaroni. Nafsi ikamwambia Norphel atakuwa ameshafika nusu ya njia ya kurudi. Uongo huo aliuamini kwa sababu ulimfaa.

"Bibi, narudi sasa hivi," alisema, akachukua koleo na kuteremka.

Alichelewa karibu saa nzima. Walichimba, wakasukuma, wakachimba tena. Theluji ikaanza upya na ukungu ukashuka. Hatimaye gari likatoka, na dereva akawapeleka wageni moja kwa moja monasteri wakapate moto na kutazama mazoezi. Angchok alipanda kwa njia ya mto, kichwa chini, theluji ikimpiga usoni, akaingia kwa bibi.

Norphel hakuwapo. Bibi alikuwapo. Amekaa vile vile, kamba ni ile ile, kitambaa ni kile kile. Taa tu ndiyo ilikuwa imezimika. Angchok alishusha pumzi, akacheka kidogo kwa kujiona mpumbavu, akaenda chumba cha nyuma kutafuta siagi ya taa.

Siagi ilikuwa ngumu. Aliikwangua kwa kisu.

Akasikia kitu kinaalika. Kama kuni kavu. Kikaalika tena.

Alijiambia ni paa, maana theluji ni nzito.

Kisha akasikia mlango wa nje ukifunguka.

"Norphel?"



Alirudi chumbani na siagi mkononi. Kamba ilikuwa juu ya mto wa kukalia. Haikukatwa. Haikufunguliwa. Mafundo yake mwenyewe aliyoyafunga kwa mikono yake yalikuwa yamekaza vile vile, na katikati yake hapakuwa na kitu.

Nje kulikuwa na ukungu na alama za miguu. Zilikuwa zimekata shamba la shayiri kama zimepigiwa rula. Hazikufuata kinjia. Zilipofika kwenye ua wa miiba hazikuzunguka, zilipita katikati, na miiba ilikuwa imeshika nyuzi nyeupe. Mbele ya ua ule kulikuwa na nyumba moja tu.

Angchok alikimbia.

Alimwona mlangoni pake. Alikuwa amempa mgongo. Kitambaa kilimteleza begani. Alikuwa amesimama wima. Tangu azaliwe Angchok alimjua amepinda, na hakuwahi kujua kwamba Bibi Lhazom alikuwa mwanamke mrefu.

Akaingia bila kuinama. Boriti ilimpita juu ya nywele kwa vidole viwili.

Ndani ya nyumba ile ni ukumbi mwembamba, na mwisho wake jiko. Mlango wa jiko hauna ubao, una pazia tu. Nyuma ya pazia ni Nilza. Kumpita bibi ukumbini haiwezekani bila kumgusa.

Angchok akazunguka nyuma, ambako nyumba imeegemea mlima na paa liko usawa wa kiuno. Juu ya paa kulikuwa na majani ya mifugo, na juu ya majani alikuwa ameweka boriti moja ya zamani ili upepo usiyapeperushe. Akaibeba. Akang'oa bati la tundu la moshi. Akaitupa boriti ndani, akajitupa na yeye.

Kifundo cha mguu kikateguka. Hakukihisi. Mama yake alikuwa sakafuni, Nilza mapajani, anatazama pazia.

Pazia lilikuwa linasogea.

Angchok aliinua boriti akaibana kwenye miimo miwili ya mlango, usawa wa kifua, akaiegemea kwa uzito wake wote. Akainamisha kichwa chini yake.

Tok.

Paji la uso lilikuwa limegonga mbao. Alikisikia kishindo kile hadi mabegani. Pazia likarudi nyuma. Likaja tena.

Tok.

"Usiinue kichwa," mama yake alinong'ona. "Mwanangu, usiinue."

Tok.

Kisha mkono ukapita juu ya boriti. Kiganja kilitazama chini. Kilikuwa kinapapasa hewani, polepole, upande huu, upande ule, kama mtu anayetafuta kiberiti gizani. Kilishuka karibu na sikio la Angchok. Kilikuwa na harufu ya siagi na ubani. Kikapanda. Kikashuka tena.

"Mwacheni bibi aingie," alisema Nilza.

Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Nyamaza, mama," alinong'ona Yangskit. "Nyamaza, roho yangu."

"Anataka kunibariki."

Tok.

Angchok aliikazia boriti mabega. Alikuwa analia. Alikuwa anawaomba miungu wote wa monasteri zote alizowahi kuwapeleka watu kupiga picha, mmoja mmoja kwa jina, na kuwaahidi mambo ambayo mtu mzima hawezi kuyatimiza. Chukueni nyumba. Chukueni mguu wangu huu. Msimguse mwanangu.

Hakujua ilichukua muda gani. Alisikia kengele nje, na sauti ya mtawa ikisoma kwa kasi, na Norphel akiita jina lake. Punje za shayiri zikarushwa ukumbini, zikaanguka sakafuni kama mvua ya mawe. Mkono ukasita. Ukalegea juu ya boriti. Nyuma ya pazia kitu kikakunjika, goti, kiuno, mgongo, na walipolivuta pazia Bibi Lhazom alikuwa chini, amepinda, mdogo kama tulivyomjua.

Hawakungoja siku ya tano. Jioni ile ile walimbeba kwa njia ya juu, nyuma ya nyumba, wakamchoma. Wageni waliona moshi kutoka monasteri, wakauliza ni sikukuu gani. Waliondoka baada ya siku tatu wakisema hawajawahi kufika mahali penye utulivu kama Tarmo.

Siku ile ya moto, usiku haujaingia, Yangskit alimvua mtoto nguo na kumkagua mwili mzima mbele ya taa. Hakuna alama.

"Hakumgusa," alimwambia Angchok. "Sikumtoa mikononi hata dakika, tangu niliporudi kwa ng'ombe."

"Ulikwenda kwa ng'ombe?"

"Kuwapa majani tu, wewe ukiwa huko darajani kwako. Nilimwacha kalala, nikamkuta kalala. Usinitazame hivyo! Nani kamwacha maiti, mimi au wewe?"

Kosa lilikuwa la Angchok na kijiji kizima kilijua, na hata Norphel mpole alimwambia hadharani kwamba angekuwa na ngumi angempiga. Wiki ile ile, akichechemea, alizirudisha boriti zote chini, kwake na kwa marehemu. Wageni wavunje vichwa wakitaka.

Nilza alipona homa siku ile ile bibi alipochomwa. Alikuwa anakula, analala, anacheza. Alizoea kulalamika baridi, sasa hakulalamika tena, na akienda nje alisahau kofia. Mikono yake tu ndiyo haikupata joto hata akishinda jikoni. Watoto wana mambo yao, alisema mama yake aliporudi kutoka Leh. Angchok hakumwambia chochote. Alikuwa na furaha iliyomuuma kila alipomwona mtoto yule akipita, na mara kadhaa alikwenda zizini kulia peke yake, kwa kushukuru.

Majira ya baridi yakaisha. Sasa, mtu wa milimani anajua theluji ilivyo. Iliyolala bure huyeyuka kwanza. Iliyokanyagwa hushindiliwa ikawa barafu, na jua la Machi likishaondoa ile laini, nyayo za tangu Januari hubaki zimesimama juu ya udongo kama vinundu, hadi siku za mwisho kabisa. Watu huzitazama na kucheka, huyu alikuwa amelewa, huyu alikuwa na haraka.

Asubuhi moja Angchok alitoka na jembe kwenda kufungua mfereji wa shamba la shayiri, akaziona.

Mstari ulitoka kwa Bibi Lhazom hadi kwake, umenyooka. Huo aliujua. Alisimama, akatema mate pembeni, akataka kupita.

Kulikuwa na mstari mwingine chini ya huo. Ulikuwa wa zamani zaidi, ule wa juu ulikuwa umeukanyaga sehemu mbili. Nao ulitoka kwa bibi kuja kwake.

Na kulikuwa na wa tatu, kando kidogo. Huo vidole vyake vilitazama upande wa pili. Ulitoka kwake kurudi kwa bibi.

Aliketi juu ya jiwe. Akahesabu kwa kidole mara tatu, kwa sababu akili ilikuwa inakataa. Alikuja. Akarudi. Akaja tena. Ile saa ya darajani. Ile saa ya majani ya ng'ombe. Alipomkuta ameketi na kamba yake na kitambaa chake, bibi alikuwa ameshakwenda na kurudi.

Ndipo alipoona kwamba mstari ule wa kurudi haukuwa peke yake.

Pembeni yake, hatua kwa hatua, kulikuwa na nyayo ndogo. Za viatu vya mpira vyenye nyota chini ya soli, vile alivyomnunulia Nilza mjini Leh wakati wa mwaka mpya. Zilikwenda kando ya zile kubwa, karibu kabisa, jinsi mtoto anavyotembea akiwa ameshikwa mkono. Zilikata shamba lote. Zikafika mlangoni kwa Bibi Lhazom, zikaingia.

Angchok alitupa jembe. Alitafuta nyayo ndogo zinazotoka. Alizunguka nyumba ya marehemu, akapiga magoti kwenye matope, akafukua vibarafu vilivyobaki kwa kucha, akafuata kila alama ya mbuzi na ya mbwa. Alitafuta hadi jua likawa utosini na nyayo zikaanza kulainika mbele ya macho yake. Nyota zilizokwenda, zilizobaki wazi, zilikuwa ishirini na nane. Iliyorudi hakuiona hata moja, ilhali Yangskit alimkuta mtoto kalala jikoni.

"Baba!"

Alikuwa amesimama mlangoni kwao, ng'ambo ya shamba, bila kofia, anampungia mkono.

"Baba, njoo, chai inapoa!"

Angchok alikaa vile vile, amepiga magoti. Theluji ilikuwa inageuka maji chini ya mikono yake, na aliijua sauti ile kuliko sauti yake mwenyewe.

"Nakuja, mwanangu," aliitika.